Jando Lililoingia Kanisani

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Zanzibar na kundi la watumwa walioachiwa huru. Kundi hilo likaweka makazi chini ya majabali ya Masasi. Majirani zao walikuwa Wamakua na Wayao. Upande wa Newala, juu uwandani, Wamakonde. Wote hao walihesabu ukoo kwa mama, na wote walipeleka wavulana jandoni.

Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926, alikataa kulipiga jando marufuku. Akishirikiana na mapadre Waafrika, waliolijua vizuri zaidi, alilifanya la Kikristo. Mwaka 1909 Arnold van Gennep, mtaalamu wa mila huko Ufaransa, alikuwa ameonyesha kwamba ibada za namna hii hupita hatua tatu: kutengwa, kukaa katikati, kurudishwa. Ndivyo ilivyokuwa Masasi. Mvulana huondolewa kwa mama, hukaa kumbini, yaani kambi ya jando, akiwa si mtoto wala mtu mzima, kisha kumbi huchomwa moto naye hurudi na jina jipya. Lucas aliziacha hatua hizo. Sala zikashika nafasi ya dawa za kinga, na wari, yaani wavulana waliotiwa jandoni, wakapelekwa kanisani kushukuru. Kwa mmisionari wa zama zile, hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Lakini je, vilivyomo hubadilika huku umbo likibaki lilelile? Wanaumuundo, mwanaanthropolojia Claude Lévi-Strauss akiwa mashuhuri zaidi tangu kitabu chake cha 1949 kuhusu undugu, wanasema kila kitu hupata maana kutokana na uhusiano wake na vingine. Jando liliitishwa kwa idhini ya mkuu wa eneo, na mjomba alikuwa na kauli juu ya mpwa wake. Padre alipoingia kumbini hakuondoa dawa tu; alisimama palipokuwa pa mkuu, na mjomba naye akalazimika kusogea.

Kwa wasichana Lucas alianzisha malango, yaani unyago wa Kikristo, na hapo kazi ilikuwa ngumu zaidi. Unyago ulikuwa wa makungwi, na mwanamume, hata awe padre, hakuwa na pa kukaa ndani yake. Tena ukoo wenyewe ulipitia kwa msichana: watoto wake ndio waliouendeleza, na wale wa kaka yake walikuwa wa kwa mama yao.