Ukame wa 2011 na Ibara ya Addis Ababa

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 uliandikwa kwa kuitazama Ulaya iliyotoka vitani. Mkimbizi wake ni mtu anayehofia kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi lake katika jamii au msimamo wa kisiasa. Mvua iliyogoma kunyesha haimo. Essam El-Hinnawi alipouandikia Umoja wa Mataifa ripoti kuhusu wakimbizi wa mazingira mwaka 1985, hoja ya kutaka mkataba mpya wa dunia ilipata nguvu, na hadi leo haijazimika. Kwa upande wa Afrika, hoja hiyo inaruka hatua. Septemba 1969, mjini Addis Ababa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha mkataba wake wenyewe, na ibara ya kwanza ikampa hadhi ya ukimbizi hata mtu aliyeikimbia nchi yake kwa sababu ya matukio yaliyovuruga vibaya amani na utulivu wa umma. Waandishi wake walikuwa na Angola na Msumbiji akilini, si tabianchi. Lakini sheria huishi kwa maneno yaliyoandikwa, na maneno haya hayaulizi nani alianzisha vurugu wala kama alimlenga mkimbizi mwenyewe.

Upana huo ulipimwa katika kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya. Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa katika sehemu za Bakool na Shabelle ya Chini, kusini mwa Somalia; uchunguzi uliofuata ulikadiria vifo kuwa takriban 260,000. Zaidi ya watu 100,000 waliingia mwaka huo katika kambi zilizofunguliwa 1991 kwa ajili ya watu 90,000 tu. Kenya, ambayo Sheria yake ya Wakimbizi ya 2006 ilikuwa imeingiza maneno ya Addis Ababa, haikumhoji kila mmoja athibitishe nani anamtesa. Waliotoka kusini na kati ya Somalia walipokelewa kwa jumla kuwa wakimbizi. Mpinzani atasema hawa walikimbia vita, wala ukame haukuwaleta. Kweli, wapiganaji wa al-Shabaab walikuwa wameyafungia milango mashirika ya chakula. Hata hivyo, ukame huo huo uliwapiga pia wafugaji wa kaskazini mwa Kenya bila kuleta vifo kwa kiwango hicho, kwa kuwa kule masoko na misaada vilifikika. Ukame uliua mifugo, vita vikafunga njia za msaada, na hakuna hakimu awezaye kuyatenganisha hayo. Anayedai kwanza ithibitishwe kwamba tabianchi pekee ndiyo iliyomhamisha mtu anadai kisichowezekana. Ibara ya 1969 inauliza swali jepesi zaidi: je, utulivu wa umma umevunjika?

Ibara hiyo ina mipaka, tena mikubwa. Haimfai sana mtu anayetoroka bahari inayopanda polepole, kama Ioane Teitiota wa Kiribati, ambaye New Zealand ilimrudisha kwao mwaka 2015. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa haikumpa ushindi, ingawa ilikubali kwamba siku moja kumrudisha mtu katika hali kama hiyo kunaweza kukiuka haki yake ya kuishi. Haimgusi pia asiyevuka mpaka, na hao ndio wengi. Kwa ajili yao ulikuja Mkataba wa Kampala wa 2009, unaoyataja mabadiliko ya tabianchi waziwazi. Tena, hadhi inayotolewa kwa jumla huweza kuondolewa kwa jumla, kama Kenya ilivyowafanyia Wasomali wapya mwaka 2016. Kwa sababu hiyo naona njia ya IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, ina mantiki: itifaki yake ya usafiri huru, iliyokubaliwa na mawaziri Khartoum mwaka 2020, inaruhusu raia wa nchi mwanachama kuvuka mpaka hata kabla maafa hayajamfikia, bila kulazimika kuitwa mkimbizi. Mfugaji angeweza kuvuka angali na ng'ombe wa kuswaga, mradi serikali za pande zote mbili ziwe zimeiridhia.