Khutba ya Ijumaa: Kuwashika Mkono Wazee na Wasiojiweza

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, khutba hizi huandaliwa zipate kusomwa redioni, nasi tunaoziandaa tunajua kwamba baadhi ya wanaozisikiliza wamekaa kitandani au kizingitini kwao, wala hawakupenda kukaa huko. Adhana ya msikiti wa mtaani wanaisikia, lakini miguu haiwachukui, au macho hayaioni njia. Kwao redio ni neema. Tunachochelea ni kuwa kwetu sisi wenye miguu imegeuka kuwa udhuru: twasema, Mzee anasikiliza nyumbani, kisha twampita mlangoni tukenda zetu. Basi leo tunapenda kuitazama tarikh yetu, tuone waliotutangulia walifanyaje juu ya jirani aliyekuwa akiishi kwake mwenyewe naye hawezi kutoka bila ya kushikwa mkono.

Tuanze na Ibn Umm Maktum (r.a.). Huyu alikuwa Mkureshi, jamaa wa Bibi Khadija (r.a.), na alikuwa kipofu. Ni yeye ambaye kisa chake kimo katika Sura Abasa iliyoteremka Makka. Alihamia Madina mapema, kabla hajafika Bwana Mtume (s.a.w.), akawa akiwasomesha watu Qur'ani pamoja na Musab bin Umair (r.a.). Baadaye aliadhini katika msikiti wa Mtume, yeye na Bilali (r.a.), na katika Ramadhani watu walikula daku mpaka waisikie sauti yake, naye hakuadhini mpaka aambiwe kuwa alfajiri imeingia. Tena Bwana Mtume alimwachia mji wa Madina zaidi ya mara moja alipotoka kwenda vitani. Tunayataja haya kwa kuwa mazoea yetu ni kumdhania kipofu kuwa ni mtu wa kupewa tu. Huyu alikuwa mwalimu, mwadhini na naibu. Alichokikosa ni mtu wa kumwongoza njiani.

Imam Muslim amepokea kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba kipofu mmoja alimwendea Bwana Mtume, akamweleza kuwa hana wa kumwongoza mpaka msikitini, akaomba ruhusa ya kusali nyumbani kwake. Akaruhusiwa. Alipogeuka kwenda zake akaitwa, akaulizwa kama anausikia wito wa sala. Akajibu kuwa anausikia. Akaambiwa basi auitikie. Katika mapokezi ya Abu Daud anatajwa kuwa ndiye huyo Ibn Umm Maktum. Wanavyuoni wamesema mengi juu ya hadithi hii, na wengi wao wameeleza kuwa mwenye udhuru hana dhambi akisali kwake, na kuwa hapa mtu yule alielekezwa kwenye lililo bora zaidi. Sisi tunaongeza jambo moja, wala hatuwasemi Masahaba kwalo, twajisema wenyewe. Wito ule hausikiwi na kipofu peke yake. Unasikiwa na jirani yake wa kulia na wa kushoto, na na kijana anayepita mbele ya mlango wake. Ikiwa yeye ameambiwa auitikie, je, sisi tunaokwenda njia hiyo hiyo tumeambiwa nini?

Jawabu tunalipata katika hadithi nyengine, waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambamo Bwana Mtume alifundisha kuwa kila kiungo cha mwili kina sadaka yake kila siku. Katika mifano aliyoitoa umo wa mtu kumsaidia mwenzake juu ya mnyama wake: kumpandisha, au kumpandishia mizigo yake. Angalieni jinsi jambo lilivyo dogo! Mnyama wa siku zile ndiye basi na bajaji ya leo. Nasi tumeona kwa macho yetu, katika mji ambao hatutautaja, kondakta akimwacha kituoni mzee mwenye mkongojo kwa kuwa alikawia kupanda, na abiria wote, miongoni mwao wenye kofia na kanzu za Ijumaa, wamenyamaza. Nasi tulikuwemo.

Tuwatazame sasa Makhalifa. Inasimuliwa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akimwendea usiku ajuza mmoja kipofu, aliyekuwa akikaa pembezoni mwa Madina, amtekee maji na amtengenezee mambo yake. Kila afikapo hukuta mtu mwengine amekwisha kumtangulia, kazi yote imefanywa. Akajaribu kuwahi, asiwahi. Mwisho akavizia ili amwone ni nani, na tazama, alikuwa ni Sayyidna Abubakar (r.a.), naye siku hizo ndiye Khalifa, katika mwaka wa 11 mpaka wa 13 Hijria, yaani 632 mpaka 634. Hata Umar mwenyewe kisa chake kinafanana na hicho. Talha (r.a.) alimwona usiku akiingia nyumba moja, asubuhi alipokwenda akamkuta bibi kizee, kipofu, asiyeweza kuinuka, akamwambia kuwa mtu yule humjia tangu zamani, humletea anachokihitaji na kumwondolea uchafu.

Hebu tuyapime haya. Khalifa angeliweza kumtuma mtu. Aliyekwenda alikwenda kwa miguu yake, usiku, wala hakutangaza. Na ajuza yule hakuhamishwa akawekwe mahali pa kulelewa. Alibaki katika nyumba yake, naye bado ni mwenye nyumba, na wanaokuja wanabisha hodi.

Dola ilipopanuka, jambo hili liliingia katika daftari za serikali. Imesimuliwa kuwa Umar alipomhimiza Said bin Yarbu (r.a.), aliyepofuka, asiiache Ijumaa wala jamaa, naye akasema hana wa kumwongoza, Umar alimpelekea kijana wa kumshika mkono. Al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala Damascus mwaka 86 mpaka 96 Hijria (705 mpaka 715), anatajwa na Tabari kuwa alimpa kila kipofu mtu wa kumwongoza na kila kiwete mtumishi. Kisha Umar bin Abdul-Aziz (99 mpaka 101 Hijria, 717 mpaka 720) aliandikia miji ya Sham aletewe majina ya vipofu na ya wale ambao maradhi yamewazuia kusimama kusali. Akaamrisha kila kipofu apewe mwongozaji, na kila wagonjwa wawili wa kudumu wapewe mtumishi mmoja. Lakini insafu inatutaka tuseme kuwa watumishi hao wa serikali walikuwa watumwa na mateka, na pwani yetu haihitaji kuelezwa utumwa ni nini. Mpango ule umepita na zama zake. Mkono wa Abubakar ulikuwa mkono wa mtu huru aliyejitolea, na ndio tulioachiwa.

Serikali za leo nazo zimefanya sehemu yake. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumpa kila mwenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza alikuwa na kazi gani. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini fedha haimshushi mtu ngazi za nyumba ya ghorofa Mji Mkongwe, wala haimsindikizi hospitali akakae naye kwenye foleni. Wengi katika wazee wetu watoto wao wako Maskati, Dubai au Nairobi. Fedha huletwa kila mwezi, na mwenye kuleta mkono hakuna. Wanafunzi wa madrasa wanaweza kugawana nyumba za mtaa, wawili kwa nyumba moja, na mwenye gari akapita Ijumaa saa sita kabla ya adhana. Lakini aulizwe kwanza mwenyewe Mzee anataka kwenda wapi na saa ngapi. Wako wanaotaka msikiti, na wako wanaotaka kwenda kaburini kwa mke wao, au barazani kwa wenzao tu.

Na yuko ambaye njia imemshinda kabisa. Itban bin Malik (r.a.), Answari aliyepigana Badri, alikuwa akiwasalisha watu wake, macho yakadhoofika, na mvua ikinyesha bonde lililo kati yake na wao hujaa maji asiweze kuvuka. Akamwomba Bwana Mtume aende akasali nyumbani kwake, apate kupafanya mahali hapo pa kusalia. Bwana Mtume akaenda, yeye na Abubakar, jua lilipopanda. Alipoingia hakukaa kwanza. Alimwuliza Itban anapenda asali sehemu gani ya nyumba yake. Itban akamwonyesha pembe, wakapanga safu nyuma yake, akasali rakaa mbili. Kisha wenyeji wakamzuia ili ale chakula cha nyama na unga walichokuwa wamempikia, na watu wa mtaa ule waliposikia kuwa yumo humo, wakaja mmoja mmoja mpaka nyumba ya Itban ikajaa.