Kompaila na Mkono wa Fundi

Vijana wenzangu, siku hizi tukibishana ipi bora, GCC au Clang, tunashika saa: programu ni ile ile, sasa kodi ya nani inakimbia zaidi? Nilidhani mashindano haya ni ya juzi. Kumbe wapi!

Mwaka 1954 John Backus na wenzake wa IBM, Marekani, walianza kuiunda FORTRAN kwa ajili ya mashine ya IBM 704. Mpinzani wao alikuwa fundi aliyeandika amri za mashine kwa mkono wake. Mafundi wengi hawakuamini. Kompaila iandike kodi kama yetu? Thubutu! Backus naye alijua: kodi ikitoka nzito, hakuna atakayeigusa.

Shida ilikuwa kwenye rejista za faharasa. 704 ilikuwa nazo tatu tu, na kuzigawa si mchezo. Basi Lois Haibt akaandika sehemu ya kukadiria ni vipande vipi vya programu vitakavyopitiwa mara nyingi, na Sheldon Best akayatumia makadirio hayo kuzigawa. FORTRAN ikatoka Aprili 1957. Kodi yake ilikaribia ya mkono, na mara nyingine iliwashangaza hata waundaji wenyewe.

Mimi juzi niliandika kitanzi kwa asembli, nikajisifu weee. Nilipokipima na cha GCC, nikashindwa, tena vibaya. Tangu hapo, jamani, mtu akijigamba mbele yangu namwambia: lete saa.