Kutoka Ubaoni Hadi Simuni: Historia Fupi ya Kwaya Yetu

Tulipokuwa tukiandaa kijitabu hiki tuliwauliza waanzilishi wetu ni badiliko gani lililowasumbua kuliko yote. Tulidhani watataja mwaka wa 2020. Karibu wote walitaja kinanda.

Kabla ya kinanda, wimbo uliandikwa ubaoni kwa noti za solfa, zile ambazo John Curwen alizieneza Uingereza katika karne ya 19 na wamishenari wakazileta kwetu. Kila mwanakwaya alinakili sauti yake daftarini. Kisha kinanda kikanunuliwa mjini, kikafika Kawangware kwa matatu ya nambari 46, kimelazwa mapajani mwa wanakwaya wanne (nauli yake ililipwa kama ya abiria). Wiki hiyohiyo ubao ulifutwa na kayamba zikapelekwa stoo. Jumapili iliyofuata stima ilipotea katikati ya wimbo. Besi wakaifuata soprano, na soprano wenyewe hawakujua waendako. Akina mama wawili wa alto waliacha kuja, wakisema wamefanywa wageni katika kwaya waliyoianzisha. Kwa maoni yetu kinanda hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kuondoa kila kitu siku moja. Baada ya wazee wa kanisa kuwatembelea, tuliamua kwamba mazoezi ya Ijumaa yatakuwa bila kinanda, na akina mama hao wakarudi.

M-Pesa ilipoanza Machi 2007 hatukubishana hata kidogo. Mweka hazina aliendelea na daftari lake lilelile, akachora safu moja zaidi ya kuandikia nambari ya ujumbe. CD ndizo zilitutia hasara: tulilipia nyingi wakati watu walikuwa wameanza kurushiana nyimbo kwa simu. Maboksi bado yapo. Anayetaka amwone katibu.

Machi 13, 2020 kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa nchini, na makanisa yakafungwa. Yalipofunguliwa Julai, ibada ilikuwa ya saa moja, watu wasizidi mia moja, na waliopita miaka 58 wakaambiwa wabaki nyumbani. Ndio waanzilishi wetu. Vijana walikuwa wakirekodi sauti kwenye WhatsApp, lakini wazee wengi walikuwa na kabambe, haziwezi kupokea sauti wala video.

Mmoja wa wale akina mama wa alto ndiye aliyetuonyesha njia. Solfa ni herufi tupu, akasema, basi nitumieni kwa meseji ya kawaida. Tukatuma. Wazee wakajifunza wimbo mpya jikoni mwao, wakatupigia simu kutuimbia. Vijana walipoziona meseji hizo hawakuweza kuzisoma.

Ubao umerudi ukutani. Kila Ijumaa saa kumi na moja jioni mama huyo hufundisha solfa, na mpiga kinanda wetu huketi mstari wa mbele na daftari.