Sindano za Kichocho na Homa ya Ini ya Misri

Abdel Halim Hafez alifia London tarehe 30 Machi 1977, akiwa na miaka 47 tu. Cairo nzima ilizizima. Mwimbaji huyo, ambaye nyimbo zake zilivuka bahari hadi masikioni mwa wapenzi wa taarabu, alikuwa na kichocho tangu utotoni. Aliupata ugonjwa huo kwenye maji ya mfereji kijijini kwao, katika Delta ya Nile, na ini lake likaharibika miaka na miaka. Naam, kichocho kiliweza kummaliza hata mtu mwenye uwezo wa kutibiwa Ulaya. Wakulima wa kawaida wa Misri, waliolima huku miguu ikiwa majini kila siku, walikuwa wakiugua kwa mamilioni.

Misri na kichocho wamejuana zamani. Minyoo yake iligunduliwa Cairo, mwaka 1851, na daktari Mjerumani Theodor Bilharz. Dawa ya kwanza iliyoleta nafuu ya kweli ilitoka jirani, Khartoum, ambako daktari Mwingereza J. B. Christopherson alitangaza matokeo yake mwaka 1918. Ilikuwa chumvi ya antimoni, dawa kali isiyo mbali na sumu, iliyodungwa moja kwa moja kwenye mshipa wa damu. Tena haikuwa sindano moja. Mgonjwa alirudi kliniki wiki baada ya wiki mpaka amalize sindano kumi au zaidi, huku akitapika na kukohoa. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ilipeleka tiba hiyo vijijini kwa kampeni kubwa.

Mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, na hayakutupwa. Yalitoka kwa mgonjwa huyu yakaenda kwa yule, na pale foleni ilipokuwa ndefu, hayakuchemshwa ipasavyo. Hatuna haki ya kuwacheka wauguzi wale. Hakuna aliyejua kwamba ndani ya tone la damu lisiloonekana kulikuwa na kirusi ambacho hakikuwa na hata jina, na waliodungwa walikwenda nyumbani wakiwa wamepona kichocho kwelikweli.

Hata hivyo, dalili kwamba sindano inaweza kueneza homa ya ini zilikuwepo. Huko Bremen, Ujerumani, daktari Lürman alieleza mwaka 1885 jinsi wafanyakazi 1,289 wa karakana ya meli walivyochanjwa ndui kwa majimaji yaliyotoka kwa binadamu wengine, na 191 kati yao wakageuka manjano wiki na miezi iliyofuata. Waliochanjwa kwa majimaji mengine hawakuugua. Mwaka 1942 yakajirudia kwa kiwango cha kutisha: wanajeshi wa Marekani wapatao 50,000 walilazwa baada ya kupata chanjo ya homa ya manjano iliyochanganywa na majimaji ya damu ya watu. Leo inajulikana kwamba waliambukizwa kirusi B cha homa ya ini. Lakini kinachotenganisha sindano na ugonjwa ni miezi, pengine miongo, na katika muda huo watu husahau walikodungwa.

Virusi vya homa ya ini vinavyojulikana ni vitano. A na E huingia kwa mdomo, kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. B, C na D hupita kwenye damu, na B hupita pia kwa ngono na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Baruch Blumberg wa Marekani ndiye aliyefungua njia alipokuta, katika miaka ya 1960, chembe ngeni kwenye damu ya mwenyeji wa asili wa Australia, chembe ambayo baadaye ilibainika kuwa sehemu ya kirusi B. Kirusi A kilionekana mwaka 1973. Bado wagonjwa walioongezewa damu waliendelea kuugua ini ingawa vipimo vya A na B vilikuwa safi. Harvey Alter alithibitisha kwamba kuna mhalifu mwingine, na mwaka 1989 Michael Houghton na wenzake huko California wakamnasa. Akaitwa C.

Kipimo kilipofika Misri mwanzoni mwa miaka ya 1990, majibu yaliwashtua madaktari. Katika baadhi ya makundi ya wachangiaji damu, zaidi ya mmoja kati ya kumi alikuwa na alama za C. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2000 ulilinganisha umri na maeneo ya wagonjwa na rekodi za kampeni ya kichocho, na hesabu zikaoana: waliokuwa wadogo wakati sindano zilipoachwa waliambukizwa kwa kiwango cha chini zaidi.

Kilichoziondoa sindano hizo ni kidonge, prazikwanteli, kile kile ambacho watoto wa shule za Pemba na Kanda ya Ziwa humeza baada ya kupimwa urefu kwa fimbo yenye alama za dozi.

Tatizo la C ni ukimya wake. Wengi hawaoni macho ya njano wala mkojo mweusi kama chai ya rangi. Huhisi uchovu tu, au hawahisi chochote, huku makovu yakijijenga kwenye ini kwa miaka 20 au 30 mpaka tumbo lijae maji au saratani itokee. Tiba ya zamani, sindano za intaferoni za karibu mwaka mzima, iliwatesa wagonjwa na kuwaacha wengi bila kupona. Vidonge vya sofosbuviri vikaingia sokoni Marekani mwishoni mwa 2013 kwa dola 84,000 za dozi kamili ya wiki 12. Misri ikakaa mezani na kampuni, ikapata dozi hiyo kwa dola 900, kisha viwanda vyake vyenyewe vikaishusha zaidi. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019, karibu watu wazima milioni 50 walipimwa kwa tone la damu la kidoleni, bure, na waliokutwa na kirusi wakapewa dawa.

Afrika Mashariki inaelemewa zaidi na B, na wengi huijua hali yao siku wanapochangia damu. Dawa ya B huzuia kirusi bila kukifuta, lakini B ina kinga: chanjo ya Penta wanayopewa watoto Tanzania na Kenya wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Shirika la Afya Duniani linataka dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 za kuzaliwa, kwa sababu mtoto anayeambukizwa uchangani karibu hakika hubaki nayo maisha yote.

C haina chanjo hadi leo. Oktoba 2023 shirika hilo liliitunukia Misri hadhi ya dhahabu kwa hatua yake ya kuelekea kuutokomeza ugonjwa huo. Wazee wa Delta waliotibiwa wakiwa na makovu makubwa bado hupimwa ini kwa utrasaundi kila miezi sita, kwa kuwa kirusi kikiisha, hatari ya saratani hupungua bila kuisha.