Dau la Marafiki: Mchezo na Maneno Yake

Tarehe 23 Machi 2019, timu ya taifa ya Burundi ilikutana na Gabon mjini Bujumbura, katika uwanja uliopewa jina la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Burundi ilihitaji sare tu ili iende Misri kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika, jambo ambalo haikuwahi kulipata tangu mashindano hayo yaanzishwe mwaka 1957. Mchezo wa namna hiyo ndio hasa uwafanyao watu wachangishane dau.

Tuchukue mfano wa kubuni wa Gasorwe, katika mkoa wa Muyinga wa wakati ule, ambako walimu na wachuuzi wa Kirundi huishi jirani na Wakongo waliopokelewa kambini tangu mwaka 2002. Watu ishirini wanatoa faranga 500 kila mmoja. Kila mtu anaandikisha daftarini matokeo anayoyabashiri. Fedha zinakaa kwa mtu asiyecheza. Daftari linafungwa kabla ya filimbi ya kwanza. Atakayepatia huchukua faranga zote 10,000, na wakiwa wengi hugawana sawa. Asipopatikana hata mmoja, kila mtu hurudishiwa chake. Kanuni hii ya mwisho yafaa isemwe mapema mbele ya wote, kwa maana hapo ndipo ugomvi huzaliwa.

Siku ile Cédric Amissi aliifungia Burundi dakika ya 76. Dakika sita baadaye Burundi ikajifunga yenyewe, na mchezo ukaisha 1–1. Mtu aliyeandika 1–0 angeona fedha zikimponyoka, na papo hapo angeruka kwa furaha pamoja na wenzake, maana nchi yake imekwisha kufuzu!

Je, mchezo huu tuuite nini? Wengi watajibu upesi: kamari. Neno hilo tulilipokea kutoka Kiarabu, nalo lilikuja na hukumu yake, kwa kuwa Kurani inakataza mchezo wa kubahatisha. Mwalimu mwenye wanafunzi Waislamu, na Muyinga wamo wengi, hana haki ya kuifanyia mzaha hukumu hiyo. Kwao kutokuwapo kwa mwenye duka la kamari hakubadilishi jambo: kila mchezaji ametoa chake kwa tamaa ya kupata cha mwenzake. Njia nyepesi ni kwamba mtu wa nje atoe zawadi, tuseme kreti ya soda, na wabashiri wasitoe kitu.

Hata hivyo lugha yetu ina jirani wa karibu wa mchezo huu, nao ni upatu. Asili yake upatu ni sahani ya shaba ipigwayo ngomani. Leo ni mchango ambao kila mwanachama huupokea kwa zamu, na Wakongo huuita likelemba. Daftari ni lile lile, mweka fedha ni yule yule, na aibu ya kutolipa ni ile ile. Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa: katika upatu zamu yako itafika, katika dau huenda isifike kamwe.

Mambo yaligeuka pale mtu wa tatu alipoingia katikati. Mjini Paris, katika miaka ya 1860, Joseph Oller alitengeneza utaratibu wa kukusanya madau ya mbio za farasi katika chungu kimoja na kuwagawia washindi, baada ya kukata ujira wa mwendeshaji. Mwaka 1891 sheria ya Ufaransa ikauhalalisha. Mwaka 1923 John Moores na wenzake wa Liverpool waligawa karatasi 4,000 za kubashiri nje ya uwanja wa Old Trafford. Zilirudi 35 tu. Biashara iliyoanza kwa hasara hiyo ilimfanya Moores tajiri mkubwa. Katika chungu cha namna hiyo wachezaji, wakihesabiwa pamoja, hawawezi kutoka na zote walizoingia nazo. Katika daftari letu la Gasorwe faranga 10,000 zinaingia, 10,000 zinatoka.

Siku hizi mchezo umehamia katika simu, na vijana wa Tanzania wamelipa neno mkeka maana mpya: orodha ya michezo kadhaa iliyosukwa pamoja katika dau moja, ambayo uzi mmoja ukikatika yote imepotea. Ni sitiari nzuri kuliko jambo lenyewe. Kwa daftari la marafiki napendekeza tuseme “dau la pamoja”, tuyaachie makampuni neno kamari.

Huko Misri, tarehe 22 Juni 2019, Burundi ilianza na Nigeria ikafungwa 1–0. Ili kushinda dau siku hiyo, Mrundi alipaswa kuandika kwa mkono wake, mbele ya majirani, kwamba nchi yake itashindwa.