Sambaza yetu ni mgeni

Bandugu, mgeni akiuliza wapi atakula samaki mzuri Bukavu, mimi simpeleki restora ya kando ya ziwa. Tunapanda soko ya Kadutu: sambaza ya kukaanga, bugali ya moto, pilipili. Mama, aliyeiuza pale miaka mingi, anaiita samaki ya bakoko. Hapana! Wabelgiji waliitoa ziwa Tanganyika, wakaitia Kivu kati ya 1958 na 1960. Mbele ya pale, huku katikati ya ziwa planktoni ilikuwa nyingi, samaki wa kuila hakuna. Walileta aina mbili. Moja tu ndiyo ilishika. Nayo ingekufa, sijui mama angelipa minerval yangu ya agronomia na nini.